Walozi wa Sinema na Mtoto wa Jirani

Katika kartie yetu hapa Kalemie, karibu na mto Lukuga, kuna nyumba moja inayojaa watu kila Jumamosi jioni. Si nyumba ya pombe. Ni nyumba ya mvuvi mmoja, mtu mwema na Mkristu, aliyenunua televisheni kubwa kwa faida ya ndakala, naye anaiwasha kwa umeme wa jua. Watoto hukaa chini mbele kabisa, wamama hukaa juu ya mikeka, wababa husimama karibu na mlango kama watu wanaopita tu, lakini hawapiti. Sisi pia tulikuwa na kiti chetu pale, kwa heshima ya mwalimu wa dini. Tukiri mara moja: tulikuwa tukifika mapema ili kiti kile kisikaliwe na mwingine.

Wanaonyesha nini? Mara nyingi ni sinema za Nigeria, ao michezo ya mfululizo ya Kinshasa. Mlozi huruka usiku, marehemu hurudi kudai haki yake, nyoka hugeuka mwanamke mzuri, na mwishoni mchungaji wa kanisa fulani hushika Biblia na kupaza sauti mpaka moshi utoke. Siku nyingine vijana huleta flashi yenye sinema za Marekani zilizotiwa Kifaransa. Mchezo ukiisha, televisheni huzimwa, na hapo huanza mchezo wa pili, yaani maoni ya watazamaji. Juu ya maoni hayo tunataka kuandika leo, kwa sababu neno moja lililotoka katika kinywa chetu wenyewe lilimfikisha mtoto mmoja karibu na hatari kubwa.

Maoni ya watu wanne

Katika nyumba ile tumesikia maoni ya namna nne, na kila namna ina mtetezi wake.

Wa kwanza ni mama mmoja muuza unga. Yeye husema: «Ni kweli yote. Nani angeweza kubuni mambo kama haya? Wanigeria wanaonyesha waziwazi yale wazee wetu wanayoficha.» Akiona mlozi anapita katika ukuta, hujishika kifua na kutaja jina la mtu fulani aliyekufa katika kartie mwaka jana.

Wa pili ni kijana anayetengeneza telefone sokoni. Yeye hucheka: «Mama, ni mashine tu! Yule anayeruka amefungwa kamba, na kamba imefutwa.»

Wa tatu ni mzee aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Husema kwamba kweli ao uongo si kitu; kitu ni fundisho. Mbaya ameadhibiwa, mwema ameokoka, mtoto amejifunza kumwogopa Mungu. Unataka nini tena?

Wa nne ni mama wa Legio ya Maria. Yeye husema kwamba Mkristu asitazame mambo haya hata kidogo. Kila Jumamosi huja kutuambia hivyo, na kila Jumamosi hukaa mpaka mwisho apate kutuambia vema.

Ndugu zangu, msiwacheke watu hao wanne. Kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Shida ni kwamba kila mmoja anadhani kipande chake ni mkate mzima.

Tumsikilize kwanza mzee wa reli. Yeye hupenda kutoa mfano wa sinema inayoitwa Living in Bondage. Ilitolewa Nigeria mwaka 1992, kwa lugha ya Kiigbo, na mfanya biashara Kenneth Nnebue. Aliyeongoza mchezo ni Chris Obi Rapu. Ni habari ya mtu jina lake Andy, aliyechoka na umaskini. Rafiki anamwingiza katika chama cha siri cha matajiri, naye anadaiwa damu ya mtu ampendaye kuliko wote. Anamtoa mke wake, Merit, sadaka. Mali inakuja, lakini roho ya Merit inamfuata mpaka anapata wazimu. Sinema hiyo iliuzwa kwa kaseti, ikafungua njia kwa sinema nyingi nyingine za Nigeria, ambazo baadaye zilienea katika Afrika.

Sisi tulikutana na sinema za namna hii tulipokuwa mtoto, miaka ya vita, zikiletwa kwa mashua kutoka Kigoma. Juu ya maneno ya Kiingereza kulikuwa na sauti ya mfasiri mmoja wa Dar es Salaam, aliyesema kwa ajili ya watu wote, mume na mke, mzee na mtoto, akatia na mizaha yake mwenyewe. Tulicheka, tukaogopa, kisha tukalala tumejifunika kichwa. Kusema kweli, fundisho tulilipata pia: tangu siku zile hatukutamani utajiri wa ghafula. Basi mzee wa reli hakosi. Hadithi za zimwi ambazo nyanya zetu walitupa karibu na moto zilifanya kazi hiyohiyo.

Lakini kuna fundisho la pili katika sinema nyingi za ulozi, nalo huingia bila kubisha hodi. Linasema hivi: hakuna ugonjwa bila mlozi, hakuna umaskini bila mlozi, na mlozi huyo hakai mbali, anakula nawe katika sahani moja. Fundisho hili mzee wetu hakuliona. Wala sisi hatukuliona.

Na kijana wa telefone? Juu ya mashine amesema kweli. Mwaka 1896 mfanya viini-macho mmoja wa Paris jina lake Georges Méliès alitengeneza sinema fupi ambamo mwanamke aliyeketi juu ya kiti anatoweka. Alifanya namna gani? Alisimamisha mashine ya kupiga picha, mwanamke akatoka, kisha akaiendesha tena. Basi. Walozi wanaotoweka leo mbele ya macho yetu ni wajukuu wa kiini-macho kile. Lakini kijana huyu anayecheka mbele ya televisheni, usiku hapiti chini ya mwembe wa marehemu fundi cherehani. Anazunguka. Kumbe kujua kazi ya mashine hakuondoi hofu iliyo moyoni.

Kijana huyu ndiye aliyetuletea mchezo wa Marekani unaoitwa Lucifer. Ndani yake shetani ni kijana mzuri aliyeacha moto wake. Ana nyumba ya muziki na pombe mjini Los Angeles, na anasaidia polisi kutafuta wauaji. Mchezo huo ulianza mwaka 2016. Hata kabla haujaanza, wamama wa chama kimoja cha Marekani walikusanya sahihi usionyeshwe. Mwaka 2018, baada ya misimu mitatu, kampuni ya televisheni iliusimamisha. Hapo watazamaji waliopenda walipaza sauti hata kampuni nyingine, Netflix, ikauchukua, ukaendelea mpaka mwaka 2021. Tunataja habari hii si kwa kuusifu mchezo, lakini kwa sababu inaonyesha kwamba maoni ya watazamaji si upepo. Yana nguvu. Huko Marekani maoni hufika kwa kampuni, na mchezo hufa ao hufufuka. Kwetu hapa hayafiki kwa kampuni yoyote. Yanafika kwa jirani.

Mama wa Legio naye tumjibu nini? Kanisa halikutuambia kuvunja televisheni. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliandika barua kubwa, Miranda Prorsus, juu ya sinema, radio na televisheni. Aliziita zawadi za akili ambazo Mungu ametupa, akaonya juu ya matumizi mabaya. Mwaka 1958 aliiweka televisheni chini ya ulinzi wa Mtakatifu Klara wa Assisi, kwa sababu inasimuliwa kwamba usiku wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, Klara alijaliwa kuona na kusikia sikukuu iliyofanywa kanisani mbali naye. Kisha Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulisema waziwazi kwamba si watengenezaji tu wenye wajibu. Anayetazama naye ana wajibu wa kuchagua na kupima. Tena Mkristu hawezi kusema kwamba yasiyoonekana hayako. Katika Kanuni ya Imani tunakiri kinyume. Kwa hiyo swali ni gumu kuliko «kweli» ao «uongo», na aliyepashwa kulieleza katika kartie yetu ni sisi, tuliofundishwa na mapadri katika seminari.

Jumamosi ile

Ilikuwa wakati wa mvua. Walionyesha sinema ya watoto walozi. Mtoto anapewa chakula usiku na mwanamke asiyemjua, na tangu siku ile anatoka rohoni kwenda mkutanoni, na huko wanagawana nyama ya watu wa nyumba yake. Asubuhi mtoto anaamka kama kawaida, anaomba uji. Watu walikuwa kimya. Hata wababa wa mlangoni waliingia ndani.

Televisheni ilipozimwa, mwenye nyumba alitugeukia, akauliza mbele ya wote: «Mwalimu, wewe umesoma seminari. Watoto walozi ni kweli ao ni mchezo?»

Tulijua jibu. Mapadri walitufundisha kwamba shetani yuko, lakini ni kiumbe tu, na Kristu amemshinda. Kwamba Kanisa linakataza uaguzi na uganga wa namna yote, kama Katekisimu ya mwaka 1992 inavyoeleza katika namba 2116 na 2117. Na kwamba kumshtaki mtu bila ushuhuda ni dhambi juu ya amri ya nane. Yote tuliyajua. Lakini watu walitutazama, na tuliogopa wasiseme: «Huyu amesoma vitabu vya Wazungu, mambo ya Waafrika hayajui.» Tena, tukiri, ilikuwa tamu kutazamwa hivyo. Basi tulikohoa kama mtu mkubwa, tukasema: «Mambo haya yapo. Mzazi mwenye akili huwaangalia watoto wake vema.»

Watu wakaguna: «Eeh! Mwalimu amesema.» Tukarudi nyumbani tukifurahi.

Ulimi hauna mfupa. Kesho yake, kisha ya Misa, watoto wa kartie walicheza mchezo wa sinema ile nyuma ya nyumba. Walipashwa kumpata mlozi. Walimchagua msichana mmoja wa miaka tisa hivi, kwa sababu alikuwa mgeni: wazazi wake walikufa, na shangazi yake, mke wa mfanyakazi wa bandari, alikuwa amemleta kutoka kijijini miezi mitano kabla. Msichana alikubali kwa furaha, kwani ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mchezoni. Akacheka kama yule mwanamke wa sinema, akasema kwamba usiku ataruka, atakula mtoto. Watoto wakapiga kelele, wakakimbia. Mchezo ukaisha.

Siku kumi baadaye mtoto mchanga wa shangazi alipata homa kali.

Habari tuliipata kwa mke wetu, aliyeisikia kwenye bomba la maji. Msichana alikuwa amefungiwa ndani ya jikoni siku ya pili bila chakula. Mtu mmoja anayejiita mtumishi wa Mungu alikuwa amekwisha kufika. Alisema kwamba ameona kwa macho ya roho. Kwamba mtoto mchanga anafungwa kamba na msichana. Na kwamba kazi ya kumfungua ni mfungo wa siku saba, dola 50 na mbuzi mmoja.

Tulikwenda mbio. Tulidhani kwamba tunakwenda kuokoa. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mchanga mapajani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mama anayeogopa. Tulianza kusema kwa sauti ya mwalimu kwamba jambo hili ni dhambi na ni aibu. Alituacha tumalize. Kisha akasema polepole: «Mwalimu, unakuja kukataza nini? Siku ile wewe mwenyewe ulisema tuwaangalie watoto. Mimi nimemwangalia.»

Tulikosa neno la kujibu. Miaka yote ya seminari, na hatukuwa na neno.

Yaliyofuata

Tulipiga magoti pale chini, kwa sababu hatukuona njia nyingine, tukamwambia: «Mama, neno lile lilikuwa kosa langu. Nilisema ili watu wanisifu. Sikumjua mtoto yeyote mlozi, wala sikuwa na sababu ya kusema.» Tukaomba kitu kimoja tu: kabla ya mbuzi na kabla ya dola, tumpeleke mtoto kwenye kituo cha afya. Alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwishoni mume wake, aliyekuwa kimya wakati wote, alimchukua mtoto mkononi akatangulia.

Mwuguzi alitoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo, tukangoja dakika kama kumi na tano. Malaria. Mbu wa kando ya mto, si mtu. Mtoto alilazwa, akapewa dawa, na siku ya tatu alinyonya vizuri.

Jioni ileile Padri Paroko alifika nyumbani kwao. Hakupiga kelele. Alieleza mambo mawili. Kwanza, kwamba Kanisa lenyewe halikimbilii kufukuza pepo: kadiri ya Katekisimu, namba 1673, kazi ile kubwa hufanywa na padri peke yake, kwa ruhusa ya askofu, na kwanza hutazamwa vema kama si ugonjwa, kwa maana ugonjwa ni kazi ya waganga wa hospitali. Pili, kwamba nchi yetu ina sheria. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inamtia anayefanya hivyo gerezani toka mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Mtumishi yule aliyejiita wa Mungu aliposikia habari ya sheria, hatukumwona tena.

Lakini jambo moja lilitutisha kuliko sinema zote tulizoona. Mlango wa jikoni ulipofunguliwa, msichana hakulia, hakukimbia. Mke wetu alimpa uji. Alikunywa kidogo, akatutazama, akauliza: «Mwalimu, nilimla katika usingizi?»

Wasomaji wapenzi, fikirini. Siku mbili tu za njaa na giza, na mtoto ameanza kusadiki. Siku nyingine mbili, naye angekiri, angetaja hata majina ya wenzake. Na sisi watazamaji tungesema: «Mmeona? Ni kama katika sinema.»

Si kwetu tu

Tangu siku ile tumetafuta kujua zaidi, na tumeona kwamba kartie yetu si ya peke yake. Kinshasa, hasa tangu miaka ya 1990, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa jina la ndoki, wakalala sokoni na barabarani. Shirika la UNICEF lilitoa taarifa juu ya watoto wanaoshtakiwa hivyo katika Afrika mwaka 2010. Mwaka huohuo, siku ya Noeli, katika mji wa London, kijana wa miaka 15 wa jamaa ya Kikongo aliuawa na watu wa jamaa yake mwenyewe, akiwa mgeni wao kwa sikukuu, kwa sababu walimdhania mlozi. Waliofanya hivyo walihukumiwa mwaka 2012.

Je, sinema ndiyo inayowaua? Tusiseme hivyo, kwani tungekuwa tunatafuta mlozi mwingine wa kumtwika yote. Vita vimevunja jamaa, wazazi wamekufa, shangazi mwenye watoto watano anaongezewa wa sita, mshahara haufiki, na wachungaji wa uongo wanauza dawa ya hofu waliyoileta wenyewe. Mtoto anayeshtakiwa mara nyingi ni yatima, ao mgonjwa, ao mtoto wa mke mwingine. Sinema haikuleta hayo yote. Lakini sinema inaipa hofu ile uso, na uso huo unafanana na mtoto aliye karibu.

Nigeria walibishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1999 ilitoka sinema inayoitwa End of the Wicked, iliyotungwa na mhubiri mmoja mwanamke, ambamo watoto huingizwa katika ulozi. Watetezi wa watoto walisema kwamba inachochea watu kuwashtaki watoto. Mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom liliweka sheria ya kuwaadhibu wanaoshtaki hivyo. Mhubiri alikana. Mwaka 2010 aliwajibu waandishi kwa maana hii: mbona Mwingereza aliyetunga Harry Potter mnasema ametunga hadithi, na mimi Mwafrika mnanihukumu?

Tulilifikiri swali lake siku nyingi, kwa sababu si swali la kijinga. Jibu letu ni hili. Aliyetunga Harry Potter hasimami kanisani kuwaambia watu kwamba mambo yake ni ya kweli na waende wakayatafute nyumbani kwao. Hadithi ikiitwa hadithi, mtoto anaiogopa, kisha analala. Hadithi ikiitwa ushuhuda, mtoto aliye karibu anakuwa mshtakiwa. Tofauti haiko katika moshi wala katika mabawa. Iko katika neno linalosemwa baada ya sinema kuisha. Na neno lile Jumamosi ile tulilisema sisi.

Hata wanaocheza michezo hii hawako salama na hofu. Mwanamke mmoja wa Ubelgiji, mtaalamu Katrien Pype, aliyeishi Kinshasa pamoja na wachezaji wa televisheni na kuandika kitabu juu yao mwaka 2012, ameeleza kwamba wachezaji wenyewe huomba sala za kujikinga, wakihofu wasidhurike kwa kuigiza mambo ya walozi. Basi kama mwigizaji anayejua kwamba anaigiza anaogopa, mama muuza unga tutamcheka kwa nini?

Tulirudi katika nyumba ya mvuvi

Jumamosi iliyofuata tulikwenda tena. Tulisimama kabla mchezo haujaanza, tukasema mbele ya watu walewale kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa ovu, na tukaeleza matunda yake. Haikuwa tamu kama mara ya kwanza. Watu wengine walitazama chini. Mama muuza unga alisema kwamba Mwalimu ameogopeshwa na sheria, na mpaka leo anasema hivyo. Mzee wa reli alikuja kutushika mkono bila neno.

Hatukuomba televisheni izimwe. Tuliomba vitu viwili, na mwenye nyumba alikubali. Kwanza, watoto wadogo wasikae kwa sinema za ulozi. Wana saa yao, na mchezo wao. Pili, sinema ikiisha, tusiulize kwanza kama ni kweli ao uongo. Tuulize: sinema hii inataka nimwogope nani? Ninamjua mtu anayefanana naye? Na kesho nitamtendea nini mtu huyo? Mtume Paulo aliwaagiza Wakristu wa Tesalonike kupima yote na kushika lililo jema. Kupima si kutazama tu. Kupima ni kushika mzani.

Kijana wa telefone naye alipata kazi. Aliwakusanya watoto nyuma ya nyumba, palepale walipochezea ulozi, akawafundisha kiini-macho cha Méliès kwa telefone yake. Mtoto mmoja anasimama, telefone inasimamishwa, mtoto anaondoka, telefone inaendelea. Wote walitaka kutoweka. Msichana yule alingoja mwisho. Alipoona picha yake mwenyewe inatoweka na kurudi, aliomba arudishiwe mara tatu, kisha akasema: «Kumbe ni kusimamisha tu.» Kijana akacheka. Sisi tulikwenda pembeni kidogo, kwa sababu machozi ya mwalimu hayafai mbele ya watoto.

Sasa msichana anaendelea na masomo, na Jumatano anakuja kwetu kwa katekisimu. Yungali kwa shangazi yake, naye shangazi anajitahidi. Hatusemi kwamba yote yamepona. Akisikia watu wakinong'ona, hugeuka haraka kutazama kama ananong'onwa yeye. Kidonda cha namna hii hakiponi kwa mwezi mmoja, na sehemu ya kidonda kile ni kazi ya ulimi wetu. Tunaibeba katika sala kila jioni.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wazazi, na ninyi walimu wa dini wenzetu mnaoulizwa maswali usiku katika nyumba za watu: sinema zitakuja tena, nzuri na mbaya, za Lagos, za Kinshasa na za Marekani. Tazameni kwa akili. Hofu ikiwashika, kumbukeni kwamba mlozi wa sinema amelipwa mshahara, amenawa rangi ya uso, amekwenda kulala kwake. Lakini mtoto aliyeketi chini mbele yenu ni wa kweli, na anasikia maoni yenu. Mungu atawauliza juu ya mtoto huyo. Kabla hamjafungua kinywa, mtazameni kwanza yeye.